Mwanamke Aliyebebwa kwa Kiti

Mzee Melkiori tulimzika Jumanne mwezi huu wa sita, kwenye baridi kavu ya Johannesburg inayopasua midomo. Makaburini tulikuwa watu kumi na mmoja. Niliwahesabu kwa sababu nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira huwa nahesabu. Mrundi yule alifundisha seminari kwao miaka ishirini, anajua Kilatini na Kifaransa na Kijerumani cha vitabuni, na huku alikufa mchunga magari kwenye maegesho ya supamaketi, na kizibao chake cha rangi ya chungwa kikining'inia nyuma ya mlango. Baada ya maziko, mimi na Mama Béni, Mkongo niliyekuwa nasuka naye nywele zamani, tulikwenda kusafisha chumba chake. Chini ya kitanda kulikuwa na kasha la matofaa, ndani yake madaftari saba. Sita niliyajua, mwandiko ni wangu mimi. La saba sikuwahi kuliona. Alikuwa ameliandika mwenyewe baada ya mimi kuondoka, kwa macho yake mabovu, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, mistari ikipanda na kushuka. Katikati nikakuta kichwa cha sura: Mwanamke Aliyebebwa kwa Kiti. Chini yake mstari mmoja: "Hapa aandike Mama Zawadi. Yeye anajua." Mama Zawadi ni mimi. Halafu kurasa tupu. Mama Béni aliniuliza ninasoma nini, nikalifunga daftari. Miaka minane sikuwa nimempa mzee yule hata salamu.

Basi naandika. Ilikuwa mwaka tisini na tisa, nilikuwa na miaka ishirini na tatu, cheti cha kidato cha nne, na mtoto wa miaka mitatu. Baba yake Zawadi alikuwa mmoja wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliokaa uhamishoni kwetu Morogoro. Nchi yao ilipokombolewa akarudi, mimi nikamfuata, akaniacha. Ya ukoo yanaishia hapo, hayana faida kwa mtu. Nilipanga chumba cha mbele kwenye nyumba kuukuu ya mlimani, mtaa wa Observatory, nyumba ya wazungu wa zamani, dari ya bati lenye maua, sakafu ya mbao inayolia ukikanyaga, na dirisha kubwa lililotokeza nje kama tumbo. Hapo dirishani ndipo tulipokuwa tukisuka, mimi na Mama Béni, kwa sababu ya mwanga. Mzee Melkiori alikuwa na kile chumba cha nyuma uani, walichokuwa wakijengewa watumishi, chenye kidirisha kidogo kama cha kuku. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umeshamfunika jicho la kulia na umeanza la kushoto. Siku moja alinikuta naandika orodha ya vitu vya dukani, akaisogeza karatasi mpaka puani akasema, "Bon. Mwandiko wa kusomeka. Mama Zawadi, wewe utaniandikia kitabu changu."

Kitabu chenyewe kilikuwa juu ya waandishi wa Ulaya wa miaka mia tano nyuma, wakati kanisa la wazungu lilipopasuka vipande viwili na watu wakachomwa moto kwa sababu ya karatasi. Nilimwambia mimi Mwislamu, Ijumaa naswali msikitini Mayfair, ugomvi wa wazungu na mapadri wao unanihusu nini. Alicheka. Akasema hataki niamini, anataka niandike. Akaanza kunihadithia, na Zawadi amekaa kwenye mguu wake anachezea vifungo vya kizibao. Kulikuwa na mtawa wa Kijerumani aliyefichwa ngomeni juu ya mlima, akafuga ndevu asijulikane, akakaa humo akiyageuza Maandiko yawe Kijerumani cha watu. Kulikuwa na Mwingereza aliyekimbia kwao, kurasa zake zikawa zinarudishwa kwa siri ndani ya marobota ya vitambaa, mwishoni akanyongwa kisha akachomwa. Kulikuwa na msomi wa Kiholanzi aliyetamani mkulima aimbe Maandiko akilima, lakini yeye mwenyewe akaandika Kilatini tu, na kila nyumba aliyokaribishwa alilalamikia chakula. Huyo Mama Béni alimpenda. "Huyo ni bwana yangu kabisa," alisema. "Anakula kwako, halafu anakutukana chumvi."

Mzee alikuwa na utaratibu wake wa kazi, na ndio uliotuunganisha. Jumatatu hadi Ijumaa jioni mapema, akitoka kwenye magari, yeye anasema, mimi naandika. Jumamosi anakuja chumba cha mbele, anakaa kiti cha plastiki karibu na mlango, mimi nina kichwa cha mtu mkononi, na ninasoma kwa sauti yale ya wiki nzima, daftari limeegemezwa kwenye kopo la mafuta ya nywele. Wateja wetu walikuwa wanawake wa kila mahali, Wakongo, Wakenya, Warundi, Watanzania, kila mmoja na Kiswahili chake. Wakicheka, sentensi inabaki. Wakiuliza, inabaki. Wakibishana mpaka wanasahau maumivu ya kichwa, hiyo inapigiwa mstari chini. Wakinyamaza, Mzee ananyoosha kidole: "Kata." Nilikuwa namwonea huruma, maana mara nyingine ukurasa mzima aliouhangaikia siku tatu unapita kimya kama maji chini ya mlango. Hakubembeleza hata mara moja. "Kata, Mama Zawadi. Hawakusikia kitu." Mama Béni alikuwa ndiye hakimu mkuu. "Minakuambia, huyu muzee atatuua na bazungu bake," atasema, rasta ya kusukia ikiwa mdomoni, "lakini ngoja kwanza. Bale bote balikufa juu ya karatasi? Miye hata juu ya bwana yangu sifi, ndiyo nitakufa juu ya kitabu?"

Siku moja Mzee alitupeleka Mayfair kwa muuza nyama Msomali, kwa sababu yule mtawa wa ngomeni, alipofika mahali panapotaja wanyama wa kafara, alikwenda kwa mchinjaji akamwomba ataje kila kitu kilicho ndani ya kondoo. Mzee akataka naye afanye hivyo, kwa Kiswahili, apate maneno ya watu na siyo ya kamusi. Nilibeba daftari, nimembeba Zawadi. Yule Msomali alikuwa amekaa Mombasa, Kiswahili kinamtoka vizuri. Mzee anasogeza uso mpaka karibu na kioo: na hii? Bandama. Na hii? Kongosho. Na hiki kimanjano? Nyongo, mzee, usikiguse. Foleni nyuma yetu inakua. Mwishowe Msomali akaweka kisu chini. "Mzee, wewe unanunua ama unasoma?" Watu wakaangua kicheko, Mzee akacheka kuliko wote, na yule bwana akatufungia utumbo bure. Jioni ile niliupika na ndizi mbichi, tukala watatu uani, jua likiwa bado kwenye ukuta, na Zawadi akiinua kila kipande kabla ya kukila: "Bandama? Hii bandama?" Kwa Kiswahili. Mwanangu alikuwa anasema Kiswahili mwaka ule. Naandika jambo hili mara moja tu, kisha naendelea.

Mwezi wa saba tukafika kwa yule mwanamke wa kiti. Mwingereza, umri kama wangu. Mumewe alimfukuza nyumbani kwa sababu ya kusoma Maandiko mwenyewe na kubishana na mapadri. Alikuwa na watoto wawili. Akaenda mjini, akakamatwa, akahojiwa na wakubwa, mmoja baada ya mwingine, na kila swali la mtego alilijibu kwa swali, au kwa kejeli, au alitabasamu akanyamaza. Wakamnyoosha kwenye chombo cha mateso mpaka viungo vikaachana, hakutaja jina la mtu. Siku ya kumchoma hakuweza kusimama, wakambeba kwa kiti. Na yale mahojiano yote, swali na jibu, aliyaandika yeye mwenyewe, yakavushwa nje ya nchi yakachapwa. Mzee aliponihadithia niliacha kuandika. Nilikuwa nimetukanwa na mama mkwe, na karani wa vibali, na mwenye duka aliyesema sisi wageni tunanuka, na siku zote nilikuwa nameza, naitika ndiyo mama, ndiyo bwana. Kumbe kulikuwa na mwanamke aliyejibu.

"Na watoto wake?" nilimuuliza.

"Watoto?"

"Umesema alikuwa na wawili. Aliandika nini juu yao?"

Mzee alifikiri. "Katika nilivyosoma, hapana. Hakuandika kitu juu yao."

"Mama gani huyo," nilisema. Lakini Jumamosi niliposoma majibu yake, chumba kizima kilipiga vigelegele, na mteja mmoja aliinuka nusu ya kichwa ikiwa haijasukwa, akaniambia nirudie. Mzee alifurahi mpaka akavua miwani. Sura ile haikukatwa hata neno. Nilijifunza majibu yale kwa moyo. Nilikuwa nayasema nikiosha vyombo.

Mwezi wa nane ikaja barua. Mama yake baba Zawadi, ambaye huku anaitwa Gogo na nami namwita hivyo, alikuwa amepeleka maombi ustawi wa jamii. Anataka mjukuu akae kwake Soweto, nyumba ya matofali, kitanda chake mwenyewe, shule ya chekechea mtaa wa pili. Mimi nina chumba kimoja chenye wanawake wasiojulikana wanaoingia na kutoka, kibali changu kimebakiza miezi, na mtoto anashinda kwa mzee asiye ndugu wala jamaa. Niliisoma barua nimesimama jikoni, mikono ina unga wa ugali. Mzee aliisoma baada yangu, puani, polepole. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, najua nitakavyowajibu.

Akaweka barua mezani. "Utawajibu kama nani?"

"Unajua kama nani."

"Hapana. Mama Zawadi, nisikilize vizuri. Yule hakuwa anaomba kitu kwa wale watu. Alikuwa amekwisha kuwapa kila kitu, hata mwili. Wewe unaomba. Mtu anayeomba hajibu vile."

"Kwa hiyo nipige magoti."

"Piga magoti. Lia, kama machozi yapo. Wataje wateja wako wawe mashahidi. Sema mimi ni baba yako mdogo, nitakubali."

Nilimwambia yeye ni mwoga ndiyo maana anachunga magari. Nilimwambia hivyo hivyo. Akainua mabega, akachukua daftari lake akaenda uani.

Ofisi ilikuwa mjini, ghorofa ya pili, meza mbili, hita moja, kalenda ya kampuni ya bima. Gogo alikuja na sare yake ya kanisa, blauzi nyekundu, kofia nyeupe imebanwa kwa pini. Mimi nilikuja na kifua mbele. Mama wa ofisini alikuwa mtu mzima, mpole, amechoka, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Sikuona upole siku ile. Niliona kiti na meza na mtu anayeuliza, nikasema moyoni haya ndiyo mahojiano yangu. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilinitosha. Akaniuliza mtoto analala wapi. Nikamjibu, na wako analala wapi? Akaandika. Akaniuliza ninaishi na nani mle ndani. Nikasema na watu, nyie hapa mmezoea kuishi na nani? Akaandika. Akaniuliza kama ni kweli mtoto anaachwa na mwanaume mzee nikiwa kazini. Nikasema, kama umeshajua kwa nini unauliza? Nilikuwa nasikia vigelegele vya Jumamosi masikioni. Nilikuwa nawasikia kabisa. Kisha akavua miwani, akanitazama kwa muda, akasema taratibu, "Mama, kuna jambo lolote ungependa kuniambia kabla hatujamaliza? Lolote." Sasa hivi, nikiwa na akili zangu, najua alikuwa amenifungulia mlango na kuushikilia kwa mkono wake. Nilinyamaza. Nikatabasamu.

Akamgeukia Gogo. Gogo hakujibu lolote la maana. Alishika kofia yake kwa mikono miwili akasema neno moja la Kizulu, "Ngiyacela." Naomba. Akarudia mara ya pili, na ya tatu. Hilo tu.

Walimchukua Zawadi wiki iliyofuata. Mimi nikabakiwa na Jumapili, moja ndiyo moja siyo, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, naye analetwa na kuchukuliwa na Gogo mwenyewe. Siku aliyoondoka nilikwenda uani nikampigia Mzee mlango kwa teke. Nikamwambia yule mwanamke wake wa kiti kaninyang'anya mtoto. Nikamwambia amenilisha maneno ya watu waliokufa mpaka nimemtapika mwanangu. Angeweza kusema nilikuonya. Mtu yeyote angesema. Alisimama pale na soksi zake mbili zisizofanana, mikono imening'inia, akaniacha nimalize. Mama Béni alinivuta. "Acha muzee. Hakukutuma." Nilijua hakunituma. Ndiyo maana nilimchukia. Ukimlaumu aliyekutuma mnagawana kosa, lakini aliyekuonya ukimtazama usoni unajiona mwenyewe. Mwisho wa mwezi nilihamia Yeoville, sikuaga. Mama Béni alikuwa akiniambia, Muzee anakusalimia, Muzee anauliza mutoto. Nilikuwa nabadilisha mazungumzo. Miaka minane. Alikuwa akiandika peke yake kule nyuma, bila wa kumsomea, bila wa kunyamaza wala kucheka, na hapo kwenye sura niliyoipenda kuliko zote akayaacha yote tuliyoandika zamani akaniachia kurasa tupu.

Nimezijaza wiki iliyopita. Sikuandika ya yule Mwingereza, yeye kaandika yake. Niliandika mahojiano yangu, swali na jibu, kama nilivyoyaeleza hapa, ila kwa urefu. Majibu yalikaa vizuri kwenye karatasi. Yana makali bado. Jumapili Zawadi akaja. Ana miaka kumi na moja, miguu mirefu ya baba yake, anaongea Kiingereza na Kizulu, Kiswahili anakielewa kama anavyosikia redio ya jirani, na akinijibu ananijibu kwa lugha ya Gogo. Nilimkalisha chini kati ya magoti yangu, nikaanza kumsuka mistari ya kurudi nyuma, daftari nikaliegemeza kwenye kopo la mafuta. Nikamwambia, nakusomea kitu cha yule babu wa vifungo. Alisema hamkumbuki. Nikasoma.

Nilisoma jibu la kwanza. Kimya. Nikasema labda hajaelewa, nikarudia kwa Kizulu changu kibovu. Aliitikia "yebo, nimesikia," na akanyamaza tena. Nikasoma la pili, la tatu, lile ambalo ningeapa litamchekesha mtu yeyote. Shingo yake haikusogea. Alikuwa akichokoa uzi kwenye zulia. Kanuni ni kanuni, hata aliyeiweka akiwa kaburini. Niliachia msuko, nikachukua kalamu, nikakata. Jibu baada ya jibu, nikakata, mpaka ukurasa ukabaki na maswali ya yule mama wa ofisini peke yake, na mwishoni lile la lolote. Hapo hapakuwa na kitu cha kukata, maana sikuwa nimejibu. Nikajikuta nalisema, kwa Kiswahili, sijui hata kama nilikusudia: "Naomba mtoto wangu."

Zawadi aligeuza kichwa, nywele zikanitoka vidoleni.

"Ulisema hivyo?" aliuliza kwa Kizulu.

"Hapana."

"Gogo anasema hukuniomba."

"Kweli. Sikukuomba."

Alinitazama kama mtu anayesoma saa. Hakulia, wala hakunikumbatia, siyo mtoto wa hivyo. Aligeuka mbele akaniegemezea kichwa gotini ili niendelee, akasema tu, "Liandike hilo." Nikaliandika. Mstari ulipanda na kushuka kama ya Mzee.

Saa kumi kengele ya getini ikalia. Zawadi akasimama kama alivyozoea, upande wa kulia umesukwa, wa kushoto umesimama wima kama mswaki, akaanza kutafuta viatu. Kila mara huwa namfikisha mlangoni tu, nafungua geti kwa kitufe, Gogo hanioni nami simwoni. Safari hii nilivaa ndala nikashuka ngazi mpaka chini. Gogo alikuwa amevaa blauzi yake nyekundu, ametoka kanisani, amezeeka. Alimwangalia mtoto kichwa, akaniangalia mimi, akakaza mdomo tayari kwa jibu langu. Nina mengi ya kumwambia yule mama, na mengine nitamwambia bado. Nikasema, "Ngiyacela, Gogo. Naomba nimalize nywele."

Gogo akasogeza mkoba wake, akakaa kwenye ukuta mfupi wa baraza, uso kwenye jua, akanyoosha mguu unaomuuma. "Haya, maliza," alisema.

Nilisuka polepole kuliko nilivyowahi kusuka maishani.